Maji yanaonekana safi, kwa nini filtre inaziba?



Katika matembezi yetu ya miezi iliyopita, swali moja limeturudia karibu kila mahali: "Mlitufundisha kutumia filtre ya maji. Mwanzo ilikuwa inajaza bidoni haraka. Sasa inatoa matone tu. Imekufa?" Wengine wanasema waliuziwa kitu kibovu. Wengine wanafikiri ni matope. Lakini mara nyingi tumekuta chujio lenyewe ni zima, na matope ni kidogo sana. Kinacholiziba ni kitu ambacho macho hayakioni vizuri: mabaki ya mimea na viumbe vingine yaliyooza na kuyeyuka ndani ya maji.

Katika toleo hili tutaeleza mabaki hayo yanatoka wapi, yanaziba chujio kwa njia gani, na koperative inaweza kufanya nini bila kutumia franga nyingi. Tunaomba msome mpaka mwisho, kwa sababu sehemu moja inatuhusu sisi wenyewe tunaolima kahawa na mihogo.

Kisa cha waya wa baisikeli

Tulitembelea koperative moja ya kahawa, kwenye mlima unaotazama Ziwa Kivu. Wana machujio mawili kwenye nyumba ya mikutano. Wafanyakazi wa stasio ya kuosha kahawa wanakunywa hapo, na watoto wa jirani wanachota pia. Maji yanatoka kwenye kijito.

Mama presidenti akatueleza: "Wakati wa jua hatuna shida. Lakini tangu mwezi wa tatu maji inakata. Tunasafisha, tunasafisha tena, lakini wapi!"

Tukaomba kuona. Chujio la kwanza lilikuwa linatoa maji tone kwa tone. La pili lilikuwa linamwaga kama robine. Tukauliza kwa nini hili ni zuri hivyo. Kijana mmoja akajibu kwa furaha kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza: alichukua waya wa baisikeli, akaupitisha ndani, na maji yakarudi.

Wandugu, chujio lile halikutengenezwa, lilitobolewa. Kwa wiki tatu watu walikuwa wanakunywa maji ya kijito wakiamini yamechujwa. Wazazi wawili walikuwa wamepeleka watoto wao sentri ya afya kwa ajili ya kuhara. Katika maeneo yetu ya maziwa, ambako kipindupindu kinarudi kila mara, huo si mchezo. Siku ileile komite ililitoa chujio hilo kazini.

Hatukumlaumu kijana. Alikuwa anataka kusaidia, na hakuna mtu aliyemweleza kile kilichomo ndani. Basi tueleze.

Ndani ya chujio kuna nini

Chujio la kitambaa au la mchanga linashika vitu vikubwa: takataka, matope, wadudu. Chujio tunalozungumzia hapa ni la utando. Mara nyingi ndani yake kuna nyuzi nyingi nyembamba zilizo wazi katikati kama tiyo ndogo sana. Ukuta wa kila uzi ndio utando wenyewe, na umejaa matundu yasiyoonekana kwa macho.

Matundu hayo ni madogo kiasi gani? Katika machujio mengi ya ndoo, tundu lina upana wa mikroni 0.1, yaani milimita moja ikigawanywa mara 10 000. Unywele mmoja wa mtu ni mnene kuliko tundu hilo zaidi ya mara 500. Kijidudu cha kipindupindu kina urefu wa mikroni 1 hadi 3 hivi, kwa hiyo hakipiti. Maji yanapita, kijidudu kinabaki nje. Hiyo ndiyo kazi yote ya utando. Hauna dawa ndani. Una matundu tu.

Hapo mnaona ubaya wa waya. Waya hauwezi kuzibua tundu la mikroni 0.1, kwa sababu ni mnene kulizidi mara maelfu. Unachofanya ni kupasua uzi, na maji machafu yanapata njia kubwa ya kupita.

Mnaona pia kwa nini matundu madogo hivyo yanaziba kirahisi. Kitu ambacho kwenye kitambaa kingepita bila kuonekana, kwenye utando kinakutana na mlango ambao ni mdogo kama chenyewe.

Mabaki ya asili yanatoka wapi

Mkulima hahitaji mwalimu wa kumwonyesha kuoza. Majani yanaanguka, yanalowa, yanakuwa meusi, mwishoni yanakuwa mboji. Lakini si yote yanabaki kwenye udongo. Mvua inapopita inabeba sehemu iliyoyeyuka, kama vile maji ya moto yanavyobeba rangi ya majani ya chai. Ndani ya mto hali ni ileile: mimea ya majini, mwani, vijidudu na samaki vinaishi, vinakufa na kuacha mabaki.

Hapa kwetu Congo tuna mfano mkubwa sana. Mto Ruki, unaoingia mto Congo pale Mbandaka, una maji meusi kama chai iliyokolea. Watafiti wa chuo cha ETH Zürich cha Uswisi walitangaza mwaka 2023 kwamba maji ya Ruki yana mabaki yaliyoyeyuka mara nne kuliko mto Congo, na mara moja na nusu kuliko Rio Negro ya Amerika ya Kusini, ambao jina lake maana yake ni mto mweusi. Sababu ni msitu: mto unapita katika misitu yenye maji, mimea inaoza humo, na rangi inatoka. Hakuna kiwanda kilichochafua. Ni kazi ya asili.

Vijito vya milimani havina weusi wa Ruki, lakini vina mabaki pia. Kwa kazi yetu ya chujio, tuyagawe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni rangi ya mboji. Ndiyo inayofanya maji yawe ya njano au ya kahawia hata kama hayana matope. Chembe zake ni ndogo sana, na sehemu kubwa inapita kwenye utando. Ndiyo maana maji yaliyochujwa yanaweza kubaki na rangi kidogo. Lakini nyingine zinanata ndani ya matundu.

Kundi la pili ni ute. Ni vitu vya aina ya sukari iliyoungana minyororo mirefu, na protini. Vinatoka kwa mwani, kwa vijidudu, na kwa mimea inayooza. Ukishika jiwe la mtoni linaloteleza, au ukigusa ukuta wa ndani wa bidoni ya zamani, ule utelezi ndio huo. Ute hauna rangi. Maji yanaweza kuwa meupe kabisa na kumbe yana ute mwingi. Na ute huu ndio adui mkubwa wa utando: ni mkubwa mno kupita, ni laini mno kukaa mbali.

Kundi la tatu ni chembe ndogo nyepesi ambazo vijidudu vinaweza kula mara moja. Hizi hazizibi zenyewe. Lakini zinakuwa chakula, na vijidudu vinavyokula vinazaana juu ya utando na kutengeneza ute mpya.

Namna utando unavyoziba

Kuziba kunakuja kwa njia tatu, na mara nyingi zote zinafanya kazi pamoja.

Njia ya kwanza: kitu kinasimama mlangoni. Chembe yenye ukubwa karibu sawa na tundu inakaa juu yake, kama hindi moja lililokwama kwenye mdomo wa chupa. Tundu lile halitoi tena maji, na maji yote yanatafuta mengine yaliyobaki.

Njia ya pili: kitu kinanata ukutani. Rangi ya mboji inaingia ndani ya tundu na kushikamana na pande zake. Tundu halijafungwa, lakini limekuwa jembamba. Ni kama sufuria ya kupikia bugali isiyooshwa vizuri: kila siku inaongezeka ngozi nyembamba, mpaka nafasi inapungua.

Njia ya tatu: blanketi juu ya utando. Ute unajikusanya kwa nje, unakuwa kama uji mzito. Maji sasa yanapaswa kupita kwenye uji kabla ya kufika kwenye tundu. Matope yakija yanashikwa na uji ule kama mchanga kwenye gundi, na blanketi linazidi kuwa gumu. Maji yakiwa na chokaa ni mabaya zaidi, maana chokaa inaunganisha nyuzi za ute zishikane, kama kamba inavyofunga matita ya kuni.

Jambo moja linashangaza watu. Wanaona maji yanapungua, wanapandisha ndoo juu zaidi ili maji yasukume kwa nguvu. Ni kweli, ukipandisha kimo mara mbili, msukumo unakuwa mara mbili. Lakini msukumo huo unakandamiza pia lile blanketi. Kwa siku moja au mbili maji yanaongezeka, baadaye yanarudi palepale, na uchafu umeingia ndani zaidi.

Kuna kuziba kunakotoka na kuziba kunakobaki

Ukiosha chujio kwa kusukuma maji safi kinyumenyume, blanketi la nje linatoka. Kuziba kwa namna hiyo kunaondoka. Lakini ile rangi iliyonata ndani ya tundu, na ute uliokauka, haviondoki kwa maji peke yake. Hicho ndicho kinachofupisha maisha ya chujio. Kwa hiyo lengo letu ni moja: kuosha mapema, kabla ya kile kinachotoka kugeuka kuwa kile kinachobaki.

Kwa nini hasa wakati wa kahawa

Turudi kwenye ile koperative. Kwa nini chujio linafanya kazi vizuri wakati wa jua, na linaziba kuanzia mwezi wa tatu?

Mvua ni sababu moja: inaosha majani na mboji ya milima yote na kuileta mtoni. Lakini tulipopanda kando ya kijito, tulikuta sababu ya pili. Mbele kidogo, juu ya mahali pa kuchota maji, kuna stasio ya kuosha kahawa, na maji yake yanarudi kijitoni.

Fikirini kahawa ilivyo. Tunda jekundu likimenywa, punje inabaki na utelezi mtamu. Tunaiacha ichache, kisha tunaiosha mpaka ikwaruze mkononi. Ule utelezi umekwenda wapi? Umekwenda na maji. Na utelezi wa kahawa ni nini? Ni sukari na pektini, yaani ute wa kundi la pili, wenyewe kabisa! Hatungeweza kutafuta kitu kizuri zaidi cha kuziba utando. Tena sukari yake inalisha vijidudu vya mtoni, vinazaana, vinamaliza hewa iliyo ndani ya maji mpaka samaki wanakufa, na vinaongeza ute wao juu ya ule wa kahawa.

Mihogo nayo ni hivyohivyo. Tukiloweka mihogo kijitoni siku tatu au nne, inalainika kwa sababu vijidudu vinavunja kile kinachoishikilia. Wanga, ute na sumu ya mihogo vyote vinatoka na maji. Ni vizuri vitoke kwenye mihogo. Si vizuri vielekee kwenye bidoni ya jirani.

Pale kwenye kijito watu walinyamaza. Mzee mmoja akasema: "Kumbe pesa yetu ya kahawa njo inafunga filtre yetu." Hatukuwa na la kuongeza.

Jueni maji yenu: jaribio la chupa

Kabla ya kutibu, mpime. Hamhitaji laboratwari. Chukueni chupa ya plastiki isiyo na rangi, iliyo safi, mjaze maji ya kijito, muiache mahali tulivu usiku mzima. Asubuhi mtazame juu ya karatasi nyeupe.

Kama uchafu umeshuka chini na maji ya juu ni meupe, shida kubwa ni matope. Kutulia tu kutasaidia sana.

Kama chini hakuna kitu lakini maji yamebaki na rangi ya chai, shida ni rangi ya mboji. Kutulia hakutoshi.

Kama maji ni meupe lakini chujio linaziba haraka, na ndoo yenu inateleza ndani baada ya siku chache, mshuku ute. Mtazame kuna nini upande wa juu wa kijito.

Mara nyingi mtakuta yote matatu, kila moja na msimu wake. Kwa hiyo mrudie jaribio wakati wa jua, mvua ya kwanza, na katikati ya mavuno.

La kufanya kabla maji hayajafika kwenye chujio

Kila kitu mnachoondoa mapema ni kitu ambacho utando hautakutana nacho.

*Anzeni juu ya kijito.* Mahali pa kuchota maji ya kunywa pawe juu ya stasio ya kahawa na juu ya mashimo ya mihogo. Kama haiwezekani, maji ya kuoshea kahawa yasirudi mtoni moja kwa moja. Yachimbiwe mashimo ya kunywesha udongo, mbali na kijito na mbali na visima. Maganda ya kahawa yasirundikwe ukingoni. Yapelekwe kwenye shimo la mboji, yatarudi shambani kama mbolea. Mihogo ilowekwe ndani ya pipa au shimo lililo mbali na maji ya kunywa.

*Acheni maji yatulie.* Ndoo mbili zinatosha: moja inatulia tangu jana, nyingine inatumika leo. Mchote maji ya juu, msitikise chini, kisha muyapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara nne.

*Pitisheni kwenye mchanga.* Chujio la mchanga linalopitisha maji polepole lina faida ambayo wengi hawaijui. Juu ya mchanga kunaota ngozi ya vijidudu ambavyo vinakula ute na ile chembe nyepesi. Chakula kikiliwa pale juu, hakifiki kwenye utando. Lakini ngozi hiyo inahitaji wiki kadhaa kukomaa, na mchanga usiachwe ukauke.

*Tumieni alumu kwa kipimo.* Alumu, au shabu, inashika matope na rangi ya mboji vikutane na kuwa mabonge yanayoshuka chini. Kwa maji yenye rangi ya chai, mara nyingi hii ndiyo dawa inayosaidia zaidi. Lakini kipimo kinatokana na maji yenyewe, kwa hiyo mfanye hivi. Yeyusheni gramu 10 za alumu ndani ya lita moja ya maji safi. Kila mililita moja sasa ina miligramu 10. Wekeni chupa tatu za lita moja za maji ya kijito. Ya kwanza mtie mililita 2, ya pili 4, ya tatu 6. Mkoroge haraka dakika moja, kisha polepole dakika kumi, mwache saa moja. Chagueni kipimo kidogo kuliko vyote kilichosafisha vizuri. Kama ni mililita 4, basi bidoni ya lita 20 inahitaji mililita 80, na pipa la lita 200 linahitaji mililita 800. Kama mabonge hayatokei hata kidogo, inawezekana maji yenu ni mepesi mno na yanahitaji chokaa kidogo. Mwiteni fundi wa maji wa zone ya afya kabla ya kuendelea.

*Moringa, lakini kwa akili.* Mbegu za moringa zilizosagwa zinashusha matope vizuri, na wengi wenu mnazo shambani. Lakini mbegu hizo nazo ni kitu cha mmea. Zinaacha mabaki yake ndani ya maji, na mabaki hayo yanalisha vijidudu. Kwa hiyo ni nzuri kwa maji ya matope mengi, si nzuri kwa maji meupe yenye ute. Maji hayo myachuje na kuyanywa siku hiyohiyo, msiyaweke siku tatu.

La kufanya kwenye chujio lenyewe

Osheni kinyumenyume kila siku ya kazi, si siku linapokuwa limekufa. Tumieni seringi iliyokuja na chujio, na maji yaliyokwisha kuchujwa. Ukitumia maji ya kijito kuosha kinyumenyume, unapeleka uchafu upande wa ndani, upande ule tunaounywa! Sukumeni kwa nguvu, mara kadhaa, mpaka maji yanayotoka yawe meupe.

Maji peke yake yasiporudisha kasi, tumieni javeli iliyochanganywa na maji, kwa kipimo kilicho kwenye karatasi ya chujio. Javeli inakata ute na rangi iliyonata. Si kila utando unaivumilia, kwa hiyo msome karatasi kwanza. Kama maji yenu yana chokaa, maji ya ndimu au siki yanaweza kuyeyusha chokaa. Lakini msichanganye kamwe javeli na ndimu au siki. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Fanyeni moja, suuzeni vizuri sana, ya pili siku nyingine.

Msiache chujio likauke baada ya kuanza kulitumia, isipokuwa karatasi yake inaruhusu. Ute ukikauka ndani ya nyuzi unakuwa kama gundi iliyokauka.

Na kwa wale wenye matangi makubwa ya utando yanayofanya kazi kwa uzito wa maji tu: msiogope mkiona kasi inashuka siku za kwanza. Imeonekana kwamba kwa msukumo mdogo, bila kuosha, kasi inashuka kisha inatulia, kiasi cha lita 4 hadi 10 kwa saa kwa kila meta mraba ya utando. Vidudu vidogo vinavyoishi ndani ya ute vinaula na kuutoboa njia. Mifumo hiyo imetengenezwa kwa hesabu hiyo. Chujio dogo la ndoo lenye seringi halikutengenezwa hivyo.

Daftari la sekunde

Hili tunaliomba kwa kila koperative, na halina gharama. Kila siku ya kwanza ya juma, saa ileile, ndoo ikiwa kimo kilekile na imejaa, mhesabu sekunde za kujaza chupa ya lita moja. Muandike. Oshe, mhesabu tena, muandike. Saa ileile ni muhimu, kwa sababu maji ya baridi ya asubuhi yanapita polepole kuliko ya mchana.

Tuchukue mfano. Chujio jipya linajaza kwa sekunde 60. Baada ya wiki, sekunde 150. Mkiosha, linarudi 65. Hiyo ni nzuri: karibu uchafu wote ulikuwa ule unaotoka. Lakini kama baada ya kuosha linabaki kwenye 120, kuna kitu kimenata ndani. Ni wakati wa javeli, na ni wakati wa kutazama kijito.

Na siku mtakapoona namba imeshuka ghafla bila mtu kuosha, mfano kutoka 140 hadi 40, msishangilie. Chujio linalopona peke yake kwa kawaida limepasuka. Mjaribu kupuliza hewa ndani yake likiwa limelowa: utando mzima uliolowa haupitishi hewa. Hewa ikipita, maji yake si ya kunywa tena. Litoeni kazini.

Neno kuhusu klorini

Wengine wanauliza: kama chujio linaziba, si tutie klorini tu? Klorini ni rafiki, hasa wakati wa kipindupindu. Lakini mabaki ya asili yanaila klorini kabla haijakutana na vijidudu. Maji ya rangi ya chai yanaweza kumaliza kipimo chote, na kijidudu kikabaki hai. Tena klorini ikikutana na mabaki mengi inatengeneza vitu vingine visivyotakiwa katika maji ya kunywa kwa miaka mingi. Kwa hiyo mpunguze mabaki kwanza, kisha mtie klorini. Lakini kama kipindupindu kimefika na hakuna njia nyingine, tieni klorini kama watu wa afya wanavyoelekeza. Hatari ya leo inatangulia hatari ya miaka ishirini.

Kwa komite

Ile koperative ya mlimani ilifanya mkutano wiki mbili baada ya sisi kuondoka. Waliamua mambo matatu. Maji ya stasio yachimbiwe mashimo matatu mbali na kijito, kwa kazi ya mikono ya wanachama. Mahali pa kuchota pahamishwe juu. Na yule kijana wa waya wa baisikeli akabidhiwe daftari na seringi, awe yeye mwenye kazi ya chujio, kwa sababu ndiye aliyeonyesha kwamba anajali.

Tuliporudi, alituonyesha kurasa zake. Chujio lililobaki lilikuwa limefika sekunde 200 kabla ya javeli. Baada ya javeli na baada ya mashimo kuanza kufanya kazi, lilikuwa kwenye 80. Halitarudi 60 tena. Lakini linatoa maji ya kunywa, na watu wanajua sasa ni ya kunywa kweli.

Tunawaomba katika mkutano wenu ujao mweke jambo hili kwenye ajenda: nani anashika daftari, maji ya kahawa yanakwenda wapi, mihogo inalowekwa wapi. Na kama mwenzenu yeyote anakaribia chujio na waya mkononi, mshikeni mkono kwa upole, mmpe seringi.

Mtuandikie kupitia animateri wenu yale mliyoyaona kwenye chupa zenu. Tutayachapa katika toleo linalofuata, ili wengine wajifunze. Kazi njema shambani, na maji mema nyumbani.